Kigeti cha Stroberi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefungulia kuku saa kumi na mbili na nusu. Wote wako. Wa kienyeji kumi na mmoja, kuroila wa kisasa wanne, kanga wawili, mabata watatu. Mvua ilinyesha sana, matope mpaka mlangoni. Waliofurahi ni mabata peke yao.

Ndunge akafika na kopo lake na koleo. Hakubisha hodi. Aliingia nyumba ya kuku akachota mbolea, akatoka amekunja pua. "Mama Mwikali, hawa kuku wako wananuka." Na hayo unayobeba ni marashi? Sikumwambia. Mavi ya kuku wangu anayataka, kuku wenyewe hataki kuwaona.

Tangu huyu wifi yangu Ndunge arudi kutoka Syokimau mwezi wa sita sijapumua. Ofisi yao ilifungwa na ndoa ikavunjika, sawa, pole yake. Hapa ni kwao, boma ni la baba yake. Mimi niliolewa tu na kaka yake. Hilo hachoki kunikumbusha.

Amepanda stroberi nyuma ya jikoni, pale pale kuku wangu wamechakura miaka yote. Ametumia matairi ya zamani na magunia, na nyasi kavu chini ya matunda yasioze. Siwezi kusema ni mbaya. Zimekubali. Nyekundu, zingine kubwa kama kidole gumba changu. Hajanionjesha hata moja.

Jumatano, 6 Novemba

Kuroila wameingia kwa stroberi. Hao huwa hawashibi, wakiona kitu chekundu wanakimbia kama wamepigiwa kengele. Wamemaliza gunia zima.

Ndunge ameniletea mabaki kwa sahani. Kwa sahani! Kama mgeni anayeletewa chakula. "Karibu, kuku wako wamekuachia."

Mchana wote akafunga waya ya kuku kuzunguka, na kigeti. Kigeti amekifunga kwa waya juu kabisa, mimi mwenyewe lazima nisimame kwa vidole. Ati mtoto wangu Mwikali asiingie peke yake kula zile hazijaiva.

Mimi nimekata mabawa ya wote wanaoruka. Mikono imechubuka. Hakuna aliyesema asante.

Jumamosi, 9 Novemba

Baba Mwikali amekuja kutoka machimboni Lukenya, vumbi la mawe mpaka kwa masikio. Nilichemsha maji ya kuoga, nikapika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na maharagwe. Nilikuwa na furaha. Iliisha kabla ya chai.

Ndunge akaja akaketi. Amepata kazi tena, kule kule Syokimau. Anaanza Januari. Anataka kwenda na Mwikali, amsomeshe huko.

Mtoto wangu. Ana miaka saba.

Nikasema shule iko hapa. Akacheka. "Hapa atajifunza nini, kuhesabu kuku?"

Mume wangu akaangalia kikombe. Akasema tutafikiria. Huyo akisema tutafikiria, ameshakubali nusu.

Mimi niliachia darasa la tano. Mtu wa darasa la tano atasema nini mbele ya mtu wa ofisi? Nilisimama nikaosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi.

Namchukia. Nimeandika. Iko hapo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mwikali alikaa na Ndunge, sio na mimi. Ndunge amemsuka na shanga nyeupe. Amependeza sana. Nilitaka kuzifumua moja moja.

Jumatano, 13 Novemba

Mwikali amerudi kutoka kwa Ndunge na mdomo mwekundu. Ameshakula. Nilikuwa nimemwekea chapati.

"Mama, Anti anasema huko nitakuwa na kitanda changu peke yangu."

Niligonga meza. Akaruka. Halafu nikamshika, nikamwambia sio yeye. Ni nani basi? Hakuuliza, lakini macho yaliuliza.

Kosa ni langu, nilimpa jina. Kwetu msichana wa kwanza ni wa nyanya yake mzaa baba, hakuna kuchagua. Mama mkwe alikuwa Mwikali, na mtoto ni Mwikali. Kwa hivyo Ndunge hamwiti kwa jina. Anamwita Mwaitu, mama yangu. "Mwaitu, umeamkaje? Mwaitu, njoo ukae." Hamgombezi, hamtumi bila kumbembeleza. Mimi ananitazama kama mlango, mtoto wangu anamsalimia kwa mikono miwili.

Mama mkwe alikuwa mtu mzuri. Nilipoolewa alinipa kuku mmoja wa madoadoa, akasema usikae boma bila sauti. Madoa, huyu wa sasa, ni mjukuu wa yule. Mwikali analala mchana akiwa amempakata.

Na sasa wanataka kuchukua hata sauti.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika yote. Nisipoandika leo, kesho nitaipanga vizuri iwe na sura nyingine.

Asubuhi Mwikali alikuja mbio. "Mama, Anti amesema leo kuku wasi..." Nikamkata. "Usiniletee maneno ya Anti. Kunywa uji." Akanywa.

Ndunge akaenda mjini. Nilimwona amevaa viatu vya ofisi, anaruka matope. Akaniambia bila kusimama kwamba anaenda kuuliza sare ya shule. Sare. Baba Mwikali hajasema ndiyo.

Nilienda kwa kigeti. Nilisimama kwa vidole, nikafungua waya. Nikawaita kuku wangu, nikawamwagia mahindi ndani, katikati ya matairi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka akirudi asipate hata jani. Niliwatazama wakichakura na nilisikia raha. Raha kabisa, kama maji baridi.

Nikageuka. Mwikali alikuwa mlangoni na kikombe chake.

Saa sita wa kwanza akaanza kutetemeka. Shingo inapinda, mguu unapiga. Nilifikiri ni jua. Halafu wa pili. Nikaingia kwa stroberi kuangalia, ndipo nikaona punje za buluu chini ya majani. Dawa ya konokono. Alikuwa ameimwaga asubuhi kwa sababu ya mvua. Hayo ndiyo maneno mtoto alikuwa ananiletea.

Wamekufa kienyeji watano, kuroila watatu, kanga mmoja. Na Madoa, nilikuwa sijamhesabu. Wa kienyeji sita basi. Mabata walikuwa kwa mtaro wao, hawakuitika. Wamepona.

Ndunge akarudi saa tisa. Sikungoja aingie. Nilipiga kelele majirani wakaja kwa ua. Nikasema umeniulia kuku. Nikasema muuaji. Akasema, "Nilimtuma mtoto akwambie! Na ni nani alifungua?"

Nikasema kigeti chako ni kibovu, kama ndoa yako.

Mtu mmoja kwa ua akacheka. Nikaona sijatosheka. Nikasema, na usimwite mtoto wangu Mwaitu tena. Mama yako alikufa. Huyu ni wangu.

Huyo wa ua aliacha kucheka.

Ndipo Mwikali akasema, "Ni mimi nilifungua."

Alisema akiangalia miguu yake. Sauti ndogo.

Na mimi nilinyamaza. Mungu ananiona, nilinyamaza.

Ndunge alimtazama mtoto. Akatazama kigeti. Akanitazama mimi, muda mrefu. Akasema, "Sawa, Mwikali." Akaenda kwake.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimechimba shimo refu mbwa wasifukue. Mwikali alisema Madoa awekwe pembeni, asilaliwe na wengine. Nikamweka pembeni.

Boma limenyamaza. Kanga aliyebaki anaita mwenzake kutoka juu ya paa. Ningemchinja anyamaze.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani Ndunge alimsalimia. "Habari, Mwikali." Kwa mkono mmoja. Kama mtoto wa mtu tu.

Hicho ndicho nilitaka. Nimekipata. Mtoto hajala chakula cha mchana.

Jumanne, 19 Novemba

Leo pia sijasema.

Jumatano, 20 Novemba

Ninajiambia: nikisema, nimempa Ndunge mtoto. Atamwambia kaka yake mke wako ni mwongo, ameua kuku wake mwenyewe kwa wivu, mtoto hawezi kulelewa hapo. Na atakuwa na haki. Nikikaa kimya, Mwikali ni mtundu tu, watoto wote ni watundu, atasamehewa, atabaki.

Nimeipiga hesabu hii mara mia. Kila mara inatoka sawa, na kila mara naianza upya.

Majirani wako upande wangu. Wananiletea pole. Mmoja alimwambia Mwikali, "Wewe ndiye ulimaliza kuku wa mama?" akamfinya shavu. Alikuwa anacheka. Mwikali alicheka pia. Alicheka vile watu wazima hucheka.

Ijumaa, 22 Novemba

Mwikali ameuliza, "Mama, ukidanganya ili mtu asigombezwe, Mungu anakasirika?"

Nikasema nenda ukaokote mayai.

"Hakuna mayai, Mama."

Ni kweli. Wamebaki sita na kanga, na hawatagi, wameshtuka.

Muthokoi uliungua. Sufuria nzima. Nimelia na moshi, nikapata sababu.

Jumamosi, 23 Novemba

Baba Mwikali anakuja leo. Ndunge atamwambia mambo ya shule na mume wangu atasema sawa, chukua, huyu mtoto amekuwa msumbufu, ameua kuku. Nimeliona hilo asubuhi nikiwa nafungulia mabata, wazi kabisa. Mtoto ataondoka hapa na jina la kosa langu.

Nilienda kabla sijanawa uso.

Ndunge alikuwa amepiga magoti kwa matairi, anakata ile mikono ya stroberi inayotambaa. Mkasi kwa mkono. Nilisimama nje ya kigeti. Nikasema ni mimi nilifungua. Nikasema nilifungua kwa makusudi na mtoto aliniona.

Hakuinua kichwa.

"Najua. Mwikali hafiki pale juu."

Nikashika waya ya ua. Siku tisa! Alijua siku tisa, ananitazama nikipita na ndoo, ananitazama nikipokea pole za watu.

Nikauliza mbona hakusema. Hapo ndipo aliinuka, akapangusa magoti.

"Nilikuwa nangoja nione utamwacha aibebe mpaka lini. Ingefika Krismasi, ningemchukua, na hata kaka yangu singemuuliza."

Nikasema, na lile nilisema kuhusu mama yako...

"Hilo bado, Mama Mwikali." Akarudi kwa mkasi wake.

Baba Mwikali alipofika nilimwambia mbele ya mtoto. Yote, hata mahindi. Alikasirika, akatoka nje akasimama na kanga, akarudi. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Kuku wa mama." Ingekuwa afadhali atukane.

Nikamwambia Mwikali yeye hana kosa, na asirudie kunibebea kitu tena, hata nikiwa nazama. Alikula sahani ya kwanza. Akaomba ya pili.

Jumapili, 24 Novemba

Ndunge amemwambia kaka yake haendi na mtoto. Nimesikia kupitia dirishani, sikualikwa. "Wacha abaki. Atakuja likizo, akitaka mwenyewe." Mume wangu akauliza kwa nini amebadili. Akasema, "Muulize mke wako. Siku hizi anajibu."

Nilikuwa na kitunguu mkononi. Nilikikata mpaka kikawa maji.

Kwa majirani nimesema mwenyewe kwamba ni mimi. Nilienda nyumba kwa nyumba. Yule aliyecheka kwa ua sasa ananicheka mimi. Acha acheke.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua imepungua. Kuroila aliyebaki ametaga, yai moja, dogo kama la njiwa. Kanga ameacha kuita. Amezoea kutembea na mabata.

Ile dawa ya buluu Ndunge aliikusanya yote kwa kijiko, akaitupa chooni. Konokono wamerudi. Kwa hivyo jioni matunda yakishachumwa anafungua kigeti mwenyewe, na mabata watatu wanaingia kwa mstari, wanapekua chini ya nyasi. Wanakula konokono kama karanga. Hatujaongea juu ya jambo hilo. Siku ya kwanza alifungua tu akasimama kando, na mimi nikawaswaga.

Stroberi bado hajanionjesha.

Leo asubuhi amekuja na kopo na koleo. Akasimama nje ya nyumba ya kuku, kwa matope. Akabisha hodi. Nikasema karibu. Akachota, akatoka amekunja pua, akasema kuku wamebaki sita na bado wananuka kama hamsini.

Akafika karibu na kwake. Akageuka, akaita kwa sauti, sio kwangu.

"Mwaitu! Njoo unishikie kopo."

Mwikali aliinuka mbio, kiti kikaanguka nyuma, uji ukamwagika mezani wote.

Nimepangusa.