Tanuru la Baba na watu wa zimamoto

Shosti, zimamoto wametoka nyumbani sasa hivi. ZIMAMOTO.

Si unajua tangu Baba astaafu hatulii? Leo kawasha lile tanuru alilojenga kwa matofali kule uani. Mkaa gunia zima, vyungu kumi na viwili ndani. Jirani kaona moshi, kapiga simu.

Kamanda kaingia na mpira wa maji. Baba kasimama mbele ya tanuru, mikono kaipanua. "Ukimwaga maji, vyungu vyangu vitapasuka!"

Kamanda kamtazama. "Mzee, ulivikausha siku ngapi?"

"Nne."

"Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Hivyo vitapasuka tu."

Hata hajafunga mdomo, PAA! humo ndani. Baba, bila kupepesa jicho: "Hicho kimoja." PAA! "Viwili." Kahesabu hadi kumi na viwili, shosti. Kumi na viwili! Kamanda kavua kofia kama yuko msibani.

Walipoondoka, Baba kakaa juu ya ndoo, kajiinamia. Mama alimpinga tangu tofali la kwanza, nikajua leo atammaliza.

Kaja, kaketi kando yake. "Kesho tunafinyanga vingine. Safari hii vikauke wiki mbili."

Tunafinyanga. Kasema TUnafinyanga.