Maji ya Ghati Yamepita

Baba Ghati, maji yamepita! Maji ya mtoto wako yamepimwa maabara huko Homa Bay na yamepita! Afisa wa maji ameleta karatasi mwenyewe, ina muhuri, nimeishika kwa mkono huu huu unaoandika.

Sasa wacha nisalimie kama mtu mwenye adabu. Hamjambo huko Kehancha? Mguu wako umepona? Ng'ombe wanapata nyasi? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Niliaga kwamba nakuja kumpikia Ghati miezi miwili, na huu ni mwaka wa pili. Ningepiga simu, lakini wewe nikifika tu kwenye neno "maji taka" unasema mtandao ni mbaya, unakata. Barua haikatiki.

Sijasahau ulichosema Ghati alipoanza kazi hii, ati binti yako hawezi kwenda kuchunga mavi ya watu. Siku hiyo nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Huku juu ya Mbita ni kukavu. Ziwa tunaliona pale chini, linang'aa kama sahani, lakini kupandisha maji mpaka hapa ni kazi ya punda. Na hayo kidogo yanayopatikana, ya vyoo vya shule na ya kuosha samaki sokoni, yalikuwa yanamwagika njiani, watoto wanakanyaga, wanaharisha. Ndipo Ghati akayatafutia shule. Nisikilize, nimeeleza watu wengi mpaka nastahili cheti. Kwanza maji yanaingia kwenye shimo lililojengwa, uchafu mzito unabaki chini. Hiyo ni nasari. Kutoka hapo yanaingia kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, yanapita polepole kwenye mizizi. Hiyo ni praimari. Halafu yanakaa bwawani, jua linamalizia vijidudu. Wanawake wa soko wanayaita pi mosomo, yaani kwa Kijaluo chetu maji yaliyosoma. Hayanywewi, hapana, lakini yananywesha nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, na migomba. Mimi niliachia darasa la tano, kwa hivyo hata mimi yamenipita.

Lakini karibu niyaharibu. Tulisikia afisa anakuja kuchukua maji ya kupima. Nikatazama kile kitanda cha kokoto, nikaona matete yamejaa kama boma lililohamwa. Unanijua, Baba Ghati. Mgeni akute magugu kwa binti yangu? Nikashika jembe, nikang'oa yote, nikafagia kokoto mpaka zikang'aa. Nikamwita Ghati aje aone, nikingoja asante.

Akakaa chini kwenye jiwe. "Mama," akasema polepole, vile wewe husema ukikasirika sana, "umefukuza walimu."

"Walimu gani? Si ni nyasi tu!"

"Hayo matete ndiyo yanafanya kazi, Mama. Kokoto peke yake ni kokoto."

Wiki haikuisha, harufu ikarudi. Mwalimu mkuu akataka bomba la shule lifungwe, na Ghati akaenda kumsihi yeye na afisa wamngoje. Mimi nikabeba matete mengine kutoka ziwani kwa kichwa, safari baada ya safari. Wanawake wa soko hawakuniacha: "Mama Ghati! Si juzi uling'oa? Leo unapanda magugu?" Nikawajibu, "Chekeni tu, mtakuja kuniomba nepia." Nilipanda kila shina kwa mkono, nikayachunga miezi mizima kama mgonjwa. Na Ghati hakunitupia neno baya hata moja. Hilo ndilo liliniuma.

Jana karatasi ikaja.

Sasa kote ni vumbi lakini nepia yetu imenifika kifuani. Jioni nasimama katikati yake natega sikio, labda nitasikia kengele za ng'ombe wetu. Nasikia ndege tu. Samaki nimechoka nao, mimi Mjaluo, usimwambie mtu. Nataka ugali wa wimbi, na wewe umekaa pale mlangoni ukilalamika kwamba umepoa.

Walitaka mkubwa fulani atoke mjini aje afungue mfereji wa kwanza kwenda mashamba ya watu. Ghati akakataa. Akasema atafungua baba yake. Halafu tulipobaki wawili jikoni akaniambia, "Lakini hatakuja, Mama." Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia unakuja, umeshapiga koti pasi. Nimemwambia mwalimu mkuu. Nimeambia soko lote. Wameshachagua mbuzi. Usiniaibishe, baba. Hata kama bado una hasira, njoo nayo.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie mkeka wake nimemaliza kuusuka, aje auchukue mwenyewe. Shemeji yangu Chacha awaachie majirani ng'ombe siku mbili, hawatakufa. Na mke wa mchungaji aje na ile sauti yake, hapa waimbaji ni wembamba wa koo.

Ni mimi mke wako mwenye maneno mengi, Mama Ghati.

Ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Njooni nyote, lakini wewe utangulie.