Nicheze Mwishoni, au Nisimame?

Mpendwa Mama Fidélie,

Nakuomba unishike mkono, maana Pasaka, siku ya kuonyesha mchezo wangu, inakaribia na mimi sijui nifanye nini, na hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake. Mimi ni Rachelle, wa hapa Kolwezi, na kama ulikuwa mjini miaka ile ya utawala wa Chama kimoja lazima uliniona, kwa sababu mgeni mkubwa yeyote aliyeshuka kwenye gari la moshi sisi ndio tuliompokea kwa ngoma, mimi mstari wa mbele na rafiki yangu Tshilombo kushoto kwangu, na sijisifu bure, watu waliacha kumtazama mgeni wakatutazama sisi. Kisha Chama kikaisha, mgodi ukaporomoka, mishahara ikapotea, nikakaa nyumbani mpaka nikaona nitakufa kwa kukaa, ndipo nikaanza kutunga michezo ya kuigiza, nami naipanga kama nilivyokuwa napanga wachezaji, nani anaingia, nani anampisha mwenzake, nani anabaki peke yake katikati, na leo nina kundi langu, na mume wangu Mukalay, ambaye zamani alikuwa akinuna nikitoka kwenda ngomani, sasa ndiye anayezunguka mtaani kuwaambia watu kwamba mke wake ni mwandishi.

Mama, mchezo wangu mpya ndio uliozua maneno. Unahusu wakati ule majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa mjini, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakarundikwa stesheni kungoja gari la moshi. Tshilombo alikuwa mmoja wao, naye alizaliwa hapa hapa, na baba yake alitandika reli ile ile. Nilimpelekea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, nikamkuta amekaa juu ya mizigo yake, pale pale tulipokuwa tukicheza zamani, na vijana wenye fimbo walikuwa wanapiga ngoma kwa furaha ya kuwaona wanaondoka, mmoja akanitambua akapaza sauti, "Mama Rachelle, chezako kidogo!" na wenzake wakaanza kupiga makofi. Miguu yangu, Mama, miguu ambayo haijawahi kunikatalia kitu, ikagoma. Nikasimama tu. Niliogopa sana, lakini nilisimama. Tshilombo akaniambia, "Usicheze, ndugu. Simama vile, mi nikuone muzuri." Gari likaja likamchukua, na mpaka leo sijapata habari zake.

Basi mchezo wangu unaisha hivyo hivyo: ngoma zinalia, Bilkisi, anayeigiza kuwa Tshilombo, amekaa juu ya mizigo, na mimi nimesimama. Sasa Tata Polycarpe, mwenye ukumbi, alipoona mazoezi akasema mwisho huo hautaki. "Mama, batu banakuya kukuona unacheza, habatake kulia. Utacheza ku mwisho, ao salle hakuna. Na mambo ya kuandika, achia bale balisomaka." Wenzangu wamefanya mazoezi tangu mvua zilipoanza, wananisihi nikubali, wanasema ni kucheza kidogo tu, kuna ubaya gani. Nikikataa, tunanyimwa ukumbi, na kazi yao yote inapotea. Nikikubali, nitakuwa nimecheza mbele ya mizigo ya Tshilombo, jambo nililolikataa siku ile mbele ya fimbo. Nifanye nini? Na uniambie ukweli, Mama, mimi ni mwandishi, au ni mchezaji tu aliyezeeka?

Rachelle, Kolwezi

*

Mama Rachelle,

Pole kwa rafiki yako, na hongera kwa miguu yako. Sasa nitakugombeza kidogo, univumilie.

Swali lako la mwisho limeniudhi. Kundi lako linakuita mwandishi, mume wako anakutangaza mtaani, halafu unamngoja Polycarpe akupe ruhusa? Huyo ana ufunguo wa ukumbi, hana ufunguo wa mchezo wako. Hao "waliosoma" anaowasifu walikuwepo mjini siku zile kama sisi sote. Mbona hawajaandika kitu?

Hata hivyo, Polycarpe ana haki katika jambo moja, nawe usikasirike: watu wanataka kukuona unacheza. Mimi pia nataka! Nilikuona zamani, sijasahau. Kwa hiyo wape ngoma yao, lakini uwape mwanzoni. Fungua mchezo wewe na Bilkisi, mstari wa mbele, yeye kushoto kwako, mcheze mpaka akina mama wainuke kwenye viti na kupiga vigelegele. Mtu asiyejua kucheza akisimama, amesimama tu. Lakini wewe, waliyekuona ukitikisa ukumbi muda mfupi uliopita, ukisimama kimya huku ngoma zinalia, hakuna atakayeuliza maana yake.

Mwisho usiuguse. Tunasema mcheza kwao hutuzwa. Tshilombo alicheza kwao, akatuzwa nini? Hilo ndilo unalotuuliza katika mchezo wako, nasi tunastahili kuulizwa. Usimtaje mkubwa yeyote aliyewafukuza, hakuna haja. Stesheni na mizigo vinatosha, kila aliyekuwepo atajikumbuka alikuwa upande gani.

Nenda kwa Polycarpe kesho, na kundi lako lote liwe nyuma yako, umweleze hivyo kwa adabu. Akikataa, fagieni uwanja wa nyumba yenu, muigize mchana kweupe, watazamaji waje na viti vyao. Na kabla ya yote, mtu asimame atangaze kwa sauti: mchezo huu umetungwa na Rachelle. Kazi hiyo mpe Mukalay, ameshaizoea.

Kuhusu woga, ulikuwa nao siku ile pia, na miguu ilijua la kufanya. Mimi nitakuja na kiti changu, nitakaa mbele kabisa. Ngoma zikianza kulia mwishoni, usitutazame sisi. Mtazame aliyekaa juu ya mizigo, usimame vizuri, akuone.