Saa Moja ya Kuamia Ndege

Lipangalala,
Ifakara.
20 Agosti 2025

Mpendwa Dada Emerensiana, ndugu yangu wa damu na wa mapambano,

Shikamoo. Hali yako huko Tabora, na ya watoto? Kile kifua kimepona? Huku tu wazima wa mwili, na mpunga wote umeshaingia ndani.

Hilo ndilo linaloniandikisha. Mpunga umevunwa tangu Juni, lakini mdogo wako Remigius hajashuka dunguni, kwenye kile kichanja cha kuamia ndege shambani. Kila alfajiri anagonga bati na kuwafokea ndege juu ya mabua matupu.

Nina hatia, dada. Mwezi Mei nilipata kibarua cha ukarani katika utafiti wa ajira, na kaya ya Baba Mdogo Polikarpo ikachaguliwa. Nilimsomea Remigius swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, alifanya kazi yoyote ya malipo, japo kwa saa moja? Baba Mdogo, anayemlisha, alikuwa amesimama palepale. Nani kwetu angetamka mbele yake kwamba hana kazi? Remigius akacheka: "Andika, mheshimiwa karani! Naamia ndege, nalipwa sado ya mpunga."

Nikabonyeza: ana ajira. Kishikwambi kikaruka maswali yote ya kutafuta kazi. Stashahada yake ya ualimu, barua zake za maombi, miaka sita ya kusubiri, vyote havikupata hata kisanduku kimoja.

Kwa takwimu hizo nchi huamua ifungue vyuo gani, imkopeshe nani, imwajiri nani! Nani atampangia bajeti mtu ambaye hesabu inasema ameshapata? Nilimwandikia msimamizi wetu kukiri kosa. Alijibu kwamba kwa kanuni za kimataifa sikukosea. Jibu hilo halinipi usingizi.

Juzi nilipanda dunguni kumsihi. Hakunitazama.

"Niache, Agnella. Wewe mwenyewe uliniandika niko kazini. Nikishuka, nitakuwa nani?"

Mimi, mzungumzaji wa majukwaa yote ya chuo, nilishuka peke yangu. Bati lake nalisikia hata sasa niandikapo.

Wewe uliyemlea atakusikia. Njoo umwite kwa jina lake la utotoni.

Nisalimie Shemeji Deus na Restituta. Mungu akutangulie njiani.

Ukoo utakutana kwa ajili ya Remigius Jumapili, tarehe 31, saa tisa alasiri, palepale chini ya dungu.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Agnella