Karibu Isiyo na Jina

Binamu yangu Njeri,

Huku Thika tu wazima, na Shosho, nyanya yetu, anawasalimu nyote hapo Ruiru. Ng'ombe wake amezaa, kwa hivyo chai imerudi kuwa chai.

Unasema ukurasa wako wa wavuti, ule wa PHP, unakataa kuonyesha jina la mgeni, na unataka kujitoa kwenye klabu ya kompyuta kabla ya siku ya wazazi. Usijitoe, tafadhali. Nikiwa kidato cha kwanza nilimwonyesha Shosho ukurasa wangu. Kwenye skrini kulitokea "Karibu" tu, bila jina.

"Kwani unakaribisha upepo?" akacheka, akaenda jikoni, kile kijumba cha nyuma. Mara akaita, "Kamau, niletee sukari!" Sukari ilikuwa kabatini, kwenye nyumba kubwa. Nilipokuwa nikiipeleka, nikaelewa. Funksheni, kile kipande cha msimbo unachokiita kwa jina lake, ni kama jiko lile: haioni kilicho nje mpaka iletewe. Kwenye msimbo ulionitumia, uliandika $jina mwanzoni mwa faili, nje ya funksheni. Lipitishe ndani ya mabano, karibisha($jina), unapoiunda na unapoiita.

Shosho atakuja siku ya wazazi. Ameniuliza kama ukurasa wako utamwita kwa jina lake, Wanjiru. Nimemwambia atajisomea mwenyewe.

Akupendaye,
Kamau