Kimya na Utulivu

Marahaba, mjukuu wangu Kulwa. Hapa Kagongwa tu wazima, ila babu yako ameanza uziwi, au anajifanya.

Unauliza 'quiet' ya Kiingereza ni kimya au utulivu. Ujanani, shimo la mgodi lilimfukia babu yako kule Segese. Wachimbaji wakazima makarasha yote ya kusagia mawe, wasikie kama anagonga mwamba. Vumbi likaelea juu yetu, taratibu, kama halina pa kutua. Hicho kilikuwa kimya, nami nilikiogopa.

Akagonga. Walipomtoa akaniuliza, "Mama, chakula kimepoa?" Makarasha yakaunguruma tena, wanaume wakaimba, wakagombana, na katikati ya makelele yale mimi nikatulia tuli.

Mwalimu akilikataa jibu hili, usibishane naye.

Bibi yako