Sauti kutoka Shianda

Shianda
9 Machi 1998

Kaka Jairus,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama goti linamsumbua. Anasema baridi ya huko Leeds imemfikia kupitia kwako. Wewe je, kifua kilipona?

Unajua niliacha hospitali ya mjini nikaja kwenye zahanati hii. Wenzangu walicheka, eti daktari mzima anakwenda kupima malaria kijijini. Lakini kule nilikuwa nawapokea watu wakiwa wamebebwa, na baada ya muda mfupi nawaandikia cheti cha kifo. Nilitaka kuwapata wakiwa bado wanatembea.

Sasa nimeanza kusema. Nasema sokoni, nasema kanisani wakiniruhusu, na nasema matangani, ambako nachukiwa zaidi. Juzi tulizika kijana mkata miwa. Mhubiri akatangaza ilikuwa taifodi. Nikaomba kusema, nikasema UKIMWI unatumaliza na sisi tunauita majina ya magonjwa mengine. Sikumtaja marehemu, ingawa najua kila mtu alielewa. Mzee Erastus, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akanivuta kando. "Daktari, wewe unaongeanga vitu vya kutuaibisha mbele ya wageni," akasema. "Tibu watu. Mambo ya kuongea tuachie sisi."

Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Mama hataki hata kusikia jina la ugonjwa wenyewe. Ukipata vitabu vipya huko chuoni nitumie, vyangu vimepitwa.

Ni mimi mdogo wako,
Dinah


Leeds
2 Aprili 1998

Mpendwa mdogo wangu Dinah,

Barua yako imenikuta salama, kifua kimepona. Mpe Mama pole ya goti, umwambie baridi bado ninayo mwenyewe, sijaituma.

Nilikusoma kwenye basi hadi nikapitishwa kituo changu. Sasa sikiliza nilichofanya. Hapa chuoni tuna kompyuta zilizounganishwa na nyingine za dunia nzima. Kuna madaktari na wauguzi waliojiunga pamoja humo. Mmoja akiandika, barua inawafikia wote papo hapo, wa Asia, wa Marekani, kila mahali. Niliitafsiri ile sehemu ya matanga nikawatumia. Nikaipa jina "Sauti kutoka Shianda".

Kesho yake nilikuta majibu hata sikujua nianze na lipi. Daktari wa Brazil anauliza wanawake wako wanapimwaje bila waume kuwazuia. Muuguzi wa Kampala anasema hata kwao watu hawakusikia mpaka wenye virusi wenyewe walipoanza kusema. Nimeyachapisha yote, yamo humu kwenye bahasha.

Dinah, hauko peke yako tena. Wewe niandikie, mimi nitawafikishia.

Kaka yako anayekupenda,
Jairus


Shianda
17 Mei 1998

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, na leo nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijaionja muda mrefu.

Yale majibu niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, wa mwisho alikuwa ameshaondoka. Mwambie daktari wa Brazil kwamba wanawake huja siku ya kliniki ya watoto. Mume haulizi mke anapompeleka mtoto chanjo. Na yule wa Kampala mwambie amenipa njia.

Njia yenyewe ni mama mmoja, Mwanasha, anayeuza mandazi sokoni Mayoni. Mume wake alikuwa dereva wa trekta la miwa, akafa mwaka juzi. Shemeji yake, Jamal, anataka kumrithi, naye amekataa, hasemi kwa nini. Kwangu alisema. Alipima, anavyo virusi. Nikamweleza maneno ya Kampala, nikamwomba aseme na wanawake wa kliniki. Akaniuliza, "Hao wanawake wako watakuwa wangapi?" Nikamwambia wachache, mlango umefungwa, na tutaapishana. Akasema, "Basi nitaongea. Lakini yasitoke humo chumbani, Daktari. Nina mtoto wa kike."

Aliongea, Jairus. Alisalimia "Salaam aleikum," akaketi, akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kukanda unga. Walipotoka, wanne walibaki nyuma wakaniomba niwapime. Miezi yote ya kupiga kelele sokoni haijawahi kunipa wanne siku moja. Sasa hata imamu amesema nitapewa nafasi ya kuzungumza na kina mama.

Nakutumia picha yetu mbele ya zahanati. Mimi unanijua, mwenye leso ya manjano ndiye Mwanasha. Iweke ukutani kwako uitazame ukichoka. Hao wa kwenye kompyuta waeleze kazi, lakini watu usiwataje.

Mdogo wako,
Dinah


Leeds
20 Juni 1998

Mdogo wangu Dinah,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima, ila usingizi sipati kwa shughuli.

Habari za Mwanasha zimewagusa watu kuliko kitu chochote nilichowahi kutuma. Kuna mwanamke Kanada ameandika kwamba alilia akiwa kazini. Na sasa kubwa lenyewe: nimealikwa mkutano mkubwa huku Ulaya mwezi ujao, niseme mbele ya wataalamu kuhusu kazi ya Shianda. Mimi, mtoto wa kuchunga ng'ombe.

Waandalizi wanasema watu wamechoka na hesabu na michoro. Wanataka kumwona mtu. Ile picha ni nzuri sana, Dinah. Uso wa yule mama unaongea wenyewe. Nitatumia busara, usiwe na wasiwasi.

Mama akisikia nitasimama mbele ya mabwana wa dunia atasemaje? Mwambie aniombee.

Kaka yako,
Jairus


Shianda
28 Agosti 1998

Jairus,

Mama mzima. Mimi sijui nikwambie ni mzima au la.

Barua yako ya Juni nilipoisoma nilikuandikia saa ile ile kwamba usiitoe ile picha. Sijui yangu ilikukuta au ulishaondoka.

Wiki iliyopita gazeti la Nairobi lilifika Mumias likiwa na ukurasa mzima. "Sauti kutoka Shianda." Uso wa Mwanasha ni mkubwa kuliko kiganja changu. Jina lake limo. Maneno yake yamo, yale ya chumbani, hadi lile la kuwa na mtoto wa kike. Aliyeandika anasema aliyapata kwenye mkutano wako na kwenye kompyuta.

Mayoni walikuwa wanafungia njugu kwa ukurasa huo. Mandazi yake hakuna aliyenunua. Jamal alikwenda kwake na wenzake, akamwambia, "Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unanikataa. Ulimuua ndugu yangu." Walitoa vitu nje, wakamvunja mkono, wakafunga nyumba. Amerudi kwa mama yake pamoja na mtoto, Ayesha, ambaye shuleni wanamkimbia.

Nilikwenda kumtazama mkono. Mama yake alinizuia pale uani, kwa heshima kabisa. "Mwanangu," akasema, "wewe ukionekana hapa, wanasema ni kweli."

Zahanati ni tupu. Hata chanjo hawaleti watoto. Mzee Erastus hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Iondoe, Jairus. Popote ulipoiweka, iondoe.

Dinah


Leeds
15 Septemba 1998

Mpendwa Dinah,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Barua yako ya kunikataza picha niliikuta mlangoni niliporudi kutoka mkutanoni. Niamini katika hilo.

Nimejaribu. Lakini barua ya kompyuta ikishakwenda haiitwi ikarudi. Iko kwa kila aliyeipokea, naye ameshawapa wengine. Gazeti lilichukua bila kuniuliza, nimewaandikia kulalamika. Jina nililitaja mara moja tu, jukwaani, kwa sababu nilitaka wamjue kama mtu, si kama namba. Ungekuwepo ungeelewa. Watu walisimama, Dinah. Ukumbi mzima ulisimama kwa ajili yake.

Najua unaumia. Lakini jaribu kuliangalia jambo hili kwa mapana. Shirika moja limeahidi vifaa vya kupimia, na wengine wanataka kusaidia mkoa wote. Kimya ndicho kinachotuua, wewe mwenyewe ulisema hivyo matangani, na hukumwomba ruhusa mama wa yule kijana.

Mpe Mwanasha pole zangu. Mwambie amewasaidia wengi asiowajua.

Kaka yako,
Jairus


Shianda
6 Januari 1999

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Mama anakusalimu, alipika ingokho, kuku wa Krismasi, akakutengea paja kama kawaida yake, kisha akampa jirani.

Sikukujibu kwa sababu ulilosema juu ya yule kijana lilikuwa kweli. Nilikwenda kwa mama yake. Nilimwomba msamaha. Alinipa chai, na sikustahili zaidi ya hiyo chai. Sasa nimerudi kukuandikia kwa sababu wewe ndiye ndugu niliye naye, na hili siwezi kulibeba mwenyewe. Ni la kwako peke yako. Usimpe mtu.

Mwanasha amefariki. Hata virusi havikuwa vimemshinda bado. Ilikuwa kifua kikuu, na dawa yake ninayo kabatini hapa, imejaa rafu. Alikohoa tangu Oktoba. Hakuja, kwa sababu kuja kwangu kulikuwa ni kutangaza. Nilimtumia dawa kwa mtu, zikarudishwa. Waliponiita alikuwa hawezi kumeza. Nilimshika mkono, ule uliounga vibaya. Akaniambia, "Daktari, mimi sina neno na wewe. Lakini ungeniuliza tu kama ningependa kwenda huko kote." Nikamwambia sikujua. Akasema, "Najua. Ndiyo nasema ungeuliza."

Wanawake wa kumwosha walikuwa wamekaa nje, hakuna aliyenyanyuka. Niliwaeleza kwamba glovu, maji na sabuni vinatosha. Wengine ni wale wale niliowafundisha chumbani, waliomsikiliza wakalia. Walitazama chini. Mama yake akaingia akamwosha mwenyewe, na Ayesha akawa anampelekea maji. Mimi si wa dini yao, nilibaki mlangoni kupokea ndoo tupu na kuijaza. Mtoto alikuwa anaipokea bila kunitazama usoni.

Ni hilo tu. Nilitaka ulijue.

Mdogo wako,
Dinah


Leeds
3 Februari 1999

Mpendwa mdogo wangu,

Pole sana, pole nyingi. Nililia niliposoma, na si aibu kusema. Natumaini wewe na Mama mna nguvu.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Mwishowe nikaona ni dhuluma kwa Mwanasha watu waliompenda wasijue alivyoishia. Walikuwa wanauliza kila wiki: yule mama anaendeleaje? Nikawatumia ile sehemu ya ndoo na mtoto. Jina sikuweka safari hii, ingawa bila shaka wote wamemtambua. Dinah, majibu ni ya kutoa machozi. Ningependa uyaone, nimeyafunga humu.

Lile shirika limenipa kazi ya kudumu, nitakuwa nashughulikia nchi zetu. Mwezi wa Mei nitakuja na wageni wawili. Wanataka kuiona zahanati, na wanataka kumsomesha Ayesha hadi mwisho. Niandikie anakaa wapi hasa na yuko shule gani, na kama inawezekana utafute picha yake. Safari hii nakuuliza kwanza.

Na wewe bado unasema sokoni? Niambie kila kitu, kama zamani.

Kaka yako daima,
Jairus


Shianda
11 Aprili 1999

Kwa Jairus,

Habari za siku nyingi. Huku hatujambo. Mama hajambo. Mvua zilichelewa lakini sasa zimeshika, na mahindi ya kando ya mto yameota vizuri. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike.

Umeuliza mtoto anakaa wapi. Nilimwuliza bibi yake kama nikwambie. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha. "Mwambie kaka yako asante," akasema. "Sisi tumeshajulikana vya kutosha." Kwa hiyo sitakwambia.

Majibu uliyofunga nimekurudishia, yamo humu. Sikuyafungua.

Wageni wakija, zahanati ina mwenyekiti, wamwandikie yeye. Nyumbani ni kwenu, Mama atawapikia.

Mama yuko hapa kando yangu ninapoandika. Ananiuliza mbona safari hii barua ni fupi hivi, wakati wewe hupenda kusikia habari za huku. Nimemwambia huku hakuna jipya.

Dkt. D. Shikanga